Alhamisi za Mama Pulane

Matroni Sebolao aliisukuma karatasi hadi upande wa pili wa meza. "Tia saini, Mama Pulane. Wauguzi wote wa wodi ya akina mama wanakubali kazi zote, kutoa mimba ikiwemo. Usipotia, Jumatatu unahamia kwa wagonjwa wa nje."

Mama Pulane aliisoma mbele na nyuma. Miaka kumi na tisa alikuwa mkunga katika hospitali ile ya jimbo la Free State, Afrika Kusini, na hakuwa na nia ya kwenda kupima watu presha mlangoni.

"Sitii saini. Na wodini siondoki. Katiba inalinda dhamiri yangu, na barua ya kukataa nilikuandikia tangu Februari. Iko kwenye faili lako."

"Kwa hiyo mgonjwa akivuja damu utafungua Biblia?"

"Akivuja damu nitaingia mbio niizuie. Nitamwosha, nitambadilishia shuka, na sitamhubiria. Lakini kuandaa vifaa vya kutolea mimba, hapana. Huko ni kushiriki."

Dikeledi, aliyekuwa ameegemea kabati la mafaili, akacheka kwa pua. Ndiye muuguzi pekee aliyebaki kuifanya kazi ya kutoa mimba; wenzake saba walikuwa wamekataa. "Watakatifu saba mmeniachia mimi kila kitu. Dhamiri yako imelindwa. Mgongo wangu unalindwa na nani?"

Hilo lilimchoma Mama Pulane. Barua ile aliiandika kwa makini, lakini hakuwa amemfikiria Dikeledi hata kidogo.

"Unataka nini, dada? Sema."

"Uchukue zamu zangu za Alhamisi mchana. Mwaka mzima."

Alhamisi mchana ni manyano, ibada ya akina mama wa kanisa, na Mama Pulane, akiwa na blauzi yake nyekundu na kofia nyeupe, ndiye anayeanzisha nyimbo.

"Una roho mbaya wewe."

"Najua. Unachukua?"

"Nachukua."

Akaivuta karatasi, akakata maneno "kazi zote", akaandika pembeni atakachofanya na asichofanya, na Alhamisi zake, kisha akatia saini. Matroni aliisoma taratibu, akaguna, akagonga muhuri.

Alhamisi iliyofuata, saa nane, kanisani walianza bila yeye. Wodini, msichana aliyetolewa mimba na Dikeledi asubuhi aliomba maji. Mama Pulane akamwinua kichwa, akamnywesha, akamuuliza kama maumivu yamepungua.