Vichwa Vyepesi

Baada ya chakula cha jioni Jicho alimwomba mkewe jambo ambalo mkewe hakulitegemea hata kidogo. Alitaka risasi zake za kuwindia msimu huu zitiwe vichwa vyepesi.

Mkewe aliacha kufuta meza. "Vyepesi kama vile vya mwaka jana?"

"Vile vile. Vyenye mwendo."

"Baba watoto, umesahau?"

"Sijasahau kitu. Wewe tia vyepesi." Akainuka kwenda kunawa mikono, na alikuwa ameshanawa.

Jina la Jicho alipewa na mafundi wenzake alipokuwa mwashi, kwa kuwa aliweza kusimama mbali na ukuta akasema umepinda, na timazi ikaja kumuunga mkono. Porini ilikuwa vivyo hivyo. Hakuwahi kumuuliza mtu umbali wa mnyama. Alitazama, akakisia mwenyewe, akapiga, kazi ikaisha. Uashi alikuwa ameuacha, akisema mgongo umemchosha. Uwindaji hakuuacha. Kila msimu alichukua kibali cha kulungu mmoja, na huyo mmoja ndiye aliyemfanya atembee mtaani kifua mbele mpaka msimu mwingine.

Risasi alitengenezewa na mkewe. Mama huyu alikuwa mpima dawa katika duka la dawa, mtu wa mizani midogo na mkono usiotetemeka. Alipoolewa alimkuta mumewe akimimina baruti kwa kukisia, akamnyang'anya kazi hiyo papo hapo. Tangu hapo chumba kidogo nyuma ya jiko kikawa chake, na meza yake, na mashine ya kushindilia iliyofungwa kwa skrubu, na makopo ya baruti juu kabisa ambako watoto hawakufika. Ukiingia humo na porojo zako wakati anapima, alikutoa kwa macho tu. Hata Jicho alitolewa. Na kila risasi mpya aliijaribu mwenyewe kwenye uwanja wa shabaha, kwenye karatasi. Kumpiga mnyama hakuwahi, wala hakutaka.

Mwaka jana alikuwa kwa dada yake aliyejifungua, na Jicho akaenda porini na risasi za dukani. Bunduki yake ni ya mwendo mkali. Kichwa chepesi, chenye koti jembamba la shaba, kikitoka humo kwa kasi ile na kukuta mfupa wa bega kwa karibu, hupasuka juu juu kama biskuti, kisifike moyoni wala mapafuni. Ndivyo ilivyokuwa. Kulungu aliondoka na mguu unaning'inia. Jicho na mdogo wake walimfuata toka asubuhi mpaka jua linapinduka, wakamkuta kando ya maji, hai, anawatazama. Jicho alirudi nyumbani, akakaa kwenye ngazi za nyuma, akalia mbele ya mkewe bila kujificha. Uchafu ule, aliapa, hautaingia tena kwenye bunduki yake.

Sasa mtu huyo huyo anataka vyepesi. Mkewe aliligeuza jambo hilo kichwani usiku kucha na hakulipata mkia wala kichwa, asubuhi akaenda kwa shemeji yake.

Shemeji, huyo mdogo wa Jicho, alikuwa na duka la vifaa vya uwindaji, duka jembamba lenye harufu ya mafuta ya bunduki na viatu vipya. Alikuwa mtu wa maneno mengi. Angeweza kumuuzia samaki koti la mvua.

"Daktari kaingia!" akasema. "Leo tunampa nani sumu?"

"Kaka yako anataka vyepesi."

"Ah, hivi hapa." Akamwaga vichache kwenye kitambaa juu ya kaunta, vidogo, vinang'aa. "Hivi vinakwenda kama vimetukanwa. Na uzuri wake, shemeji, hata ukikosea umbali si neno. Kichwa kizito kinashuka njiani, lazima ujue mnyama yuko wapi hasa. Hiki kinanyooka tu. Ni dawa ya watu wasiojua kukisia."

Mama alicheka kwa adabu. Kisha kicheko kikamkauka mdomoni. "Nani kakwambia mume wangu hajui kukisia?"

"Mimi sijamtaja kaka." Lakini shemeji alikuwa ameanza kuvikusanya vile vichwa bila kumtazama.

Njiani kurudi, mambo yalianza kujipanga yenyewe. Chai iliyomiminwa pembeni ya kikombe. Funguo za gari alizokabidhiwa yeye, eti mguu umekufa ganzi. Jirani aliyeamkiwa kwa heshima zote akidhaniwa ni shangazi, wakacheka wote, na Jicho akacheka kuliko wote. Na huo mgongo! Mgongo uliomtoa kwenye uashi lakini ukamruhusu kupanda milima na bunduki. Tuseme ukweli, huruma haikutangulia. Ilitangulia hasira. Alilala naye kitanda kimoja, akampimia baruti punje kwa punje, na bado akafanywa mjinga nyumbani kwake.

Hakumwambia kitu. Alishindilia risasi za aina mbili, vichwa vyepesi na vizito vyenye koti nene, akapita kwa muuza nyama kuchukua mifupa ya bega la ng'ombe, akaenda uwanjani. Huko aliloweka magazeti mpaka yakawa mazito kama nyama, akayafunga mabunda, akaweka mfupa mbele ya kila bunda, akapiga. Kisha akapiga magoti kwenye tope la karatasi na kuchambua kwa vidole.

Jioni alimkuta mumewe ukumbini, redio inasema peke yake. Akaizima.

"Nipe mkono."

Akamwekea kiganjani makombo ya kichwa chepesi, vipande vya shaba na unga wa madini ya risasi. Halafu kiganja cha pili akamwekea kile kizito, kilichofunguka mbele kama uyoga, nyuma kizima. Mtu mwingine angevisogeza kwenye taa. Jicho hakuinamisha hata shingo. Alivisoma kwa kidole gumba, polepole, kimoja baada ya kingine.

"Najua," akasema.

"Unajua, na bado unavitaka."

"Umbali umenipotea." Alisema kwa sauti ndogo, kama mtoto anayekiri kuvunja sahani. "Mti wa karibu na mti wa mbali, kwangu ni mmoja. Nikasema, kikienda upesi, kikinyooka, labda..."

"Labda nini? Labda kimpate mguu tena, tushinde tunamfuata?"

Jicho alifumba viganja juu ya vipande vile.

"Tangu lini, mume wangu?"

"Tangu siku mdogo wangu aliposhika mwiko wangu wa uashi akaniambia, kaka, ukuta unapinda. Yeye! Hajawahi kujenga hata banda la kuku."

Hapo ndipo huruma ilipofika, na ilifika yote kwa pamoja. Alikaa chini miguuni pake. Alitaka kumwambia basi, tuache, tununue nyama kama watu wengine. Lakini alimjua. Mtu huyu ukimwondolea kulungu wake umemwondolea sababu ya kuvaa viatu. Basi wakakubaliana hivi: yeye atatia vizito, na atakwenda naye porini. Atamwambia umbali, Jicho atapiga.

"Nitakuwa macho yako," akasema.

"Si macho yote," akasema Jicho haraka. "Umbali tu."

Walikwenda kukipambazuka. Walilala kifudifudi juu ya kimwinuko, nyasi zina umande, upepo unawapiga usoni usipeleke harufu yao kwa mnyama, jambo ambalo Jicho alilipanga vizuri kama zamani. Mbele yao palikuwa na uwanda mdogo na nyuma yake kichaka. Walikaa mpaka viwiko vikafa ganzi. Kisha kulungu dume akatoka kichakani, akasimama ubavu wazi, anatafuna.

Mke alimnong'oneza umbali. Jicho akaweka jicho kwenye darubini ya bunduki. Akashusha pumzi, akatulia kama jiwe, naye mkewe akaziba pumzi yake mwenyewe. Akangoja mlio. Mlio haukuja. Aliona kidole cha mumewe kikigusa kifyatulio, kikaondoka, kikagusa, kikaondoka.

"Bado yupo?" Jicho akauliza.

"Yupo. Hajasogea."

"Nikimlenga, anatoweka."

"Anatoweka vipi?"

"Nikitazama pembeni yake, namwona. Nikimtazama yeye, hayupo. Katikati hakuna kitu." Bado alikuwa na shavu kwenye kitako cha bunduki. "Hata wewe, mama watoto. Siku nyingi sasa. Nikikutazama usoni, hupo."

Ilikuwa saa mbaya ya kusikia maneno kama hayo, na huwezi kulia umelala kifudifudi mbele ya mnyama. Akamwona mumewe akiweka kilinda usalama kwa kidole, taratibu, na kumsogezea bunduki juu ya nyasi.

"Ningeweza kupiga," Jicho alinong'ona. "Ningepiga pale nilipomwona mara ya mwisho, na mtaa mzima usingejua. Chukua."

"Mimi sijawahi kuua."

"Risasi ni yako. Umeipima wewe, umeijaribu wewe. Unajua itafanya nini. Mimi mwaka jana sikujua, nikapiga. Nyuma ya mguu wa mbele, chini kidogo ya katikati. Ukiona huwezi, acha aende. Sitasema neno."

Aliishika. Ilikuwa na joto la shavu lake. Kulungu aliinua kichwa, akashusha tena. Mama aliwaza mfupa, koti nene, mahali pa kuingilia na pa kutokea, akakuta mkono wake hautetemeki, na hilo lenyewe likamtisha. Akapiga.

Mnyama aliruka, akakimbia hatua chache, miguu ikamwishia, akalala.

"Amelala?"

"Amelala."

"Anapiga miguu?"

Alitazama sana kabla ya kujibu, kwa maana sasa neno lake ndilo lilikuwa kila kitu. "Hapana. Ametulia."

Walipomfikia, Jicho alipiga magoti. Alipapasa ubavu mpaka akapata tundu dogo la kuingilia, kisha akapitisha mkono upande wa pili, chini ya mwili wenye joto, akapapasa tena. Alipoutoa, vidole vilikuwa vyekundu.

"Imetoka," akasema. "Imepita sawasawa. Hakuteseka huyu." Kisha uso ukamkunjamana, akakalia visigino. "Natamani ningekuona ukipiga."

Mkewe alilia hapo, kwa sauti, hana wa kumficha. Alimlilia mumewe, akajililia mwenyewe kwa uso wake ambao mtu huyu hatauona tena, na akamlilia na mnyama, ambaye alikuwa mzuri. Jicho alimwacha alie. Kisha akamkabidhi kisu kwa upande wa mpini, akaanza kumweleza pa kukata.

Kazi ilipokwisha walimpigia shemeji simu aje na gari mpaka barabarani. Kushuka kulikuwa na mawe. Mkewe alimpa mkono, Jicho akaukataa. Alitangulia mwenyewe, akajikwaa, akatangulia tena, akajikwaa vibaya zaidi. Alisimama akihema, mkewe akapita mbele. Bunduki ilikuwa begani mwa mkewe, tupu, na mkanda wake ulining'inia nyuma. Jicho aliutafuta hewani kwa mkono, akaushika.

"Haya, twende," akasema. "Usiende mbio."