Maranda ya Mlango wa Jikoni

Mlango wa jikoni ulianza kugoma wiki ileile shemeji alipomaliza kupaka rangi. Ulikuwa mlango mzuri, wa mbao nzito, aliutengeneza mwenyewe, na mwanzoni ulikuwa unafunga kwa kidole kimoja. Kisha asubuhi moja ukakwama juu, upande wa kitasa. Shemeji akasema ni rangi, haijakauka vizuri. Akaupiga bega, ukafunguka, akaendelea na chai yake.

Nilikuwa nimefika kwa dada yangu na begi moja, kama kawaida yangu. Mimi ni mtu wa kupita. Nimebeba mizigo, nimechimba mitaro, na kuna miaka nilikuwa kwenye kikosi cha kubomoa majengo mabovu, kazi ya kula vumbi. Nilipanga nikae kidogo, nimjulie hali mgonjwa, niondoke. Nikakuta nyumba imegeuka karakana, nikapewa brashi ya rangi kabla sijapewa maji ya kunywa.

Dada yangu, kitinda mimba wetu, alipigwa na kiharusi kilichomwacha miguu haina habari naye. Mdomo hakikuugusa, na mumewe alikuwa akisema hapo ndipo ugonjwa ulipokosea. Alipata kiti cha magurudumu, lakini hakukuwa na mlango wa kukipitisha. Kwa hiyo alikaa chumba cha mbele karibu mwaka mzima, analetewa chakula, analetewa habari, analetewa beseni. Kati ya chumba hicho na jiko kulikuwa na ukuta mmoja tu. Alisikia vyombo vyake vikioshwa vibaya upande wa pili, na hakuwa na la kufanya ila kupayuka.

Shemeji aliendesha malori maisha yake yote. Alipoacha barabara akarudi nyumbani, akaona mkewe amefungwa na nyumba ambayo yeye mwenyewe alimjengea. Maneno hayo ni yake. Akaamua milango ya nje ipanuliwe na ukuta wa kati utoke. Fundi mmoja wa mtaani alikuja, akaugonga ukuta kwa vidole, akatazama dari, akasema huo umebeba paa, si wa kuchezea. Shemeji akamshukuru, akamsindikiza hadi barabarani, akarudi akauvunja. Tangu hapo majirani wakamwita Injinia, naye akaitika.

Mahali pa ukuta, juu, aliweka boriti. Hakuinunua. Ilikuwa mbao iliyotoka chini ya bodi ya lori lake la mwisho, nyeusi kwa mafuta, ngumu hata misumari ilijikunja.

"Hii imebeba saruji, imebeba ng'ombe, imepita kwenye mashimo usiku na mchana," aliniambia akiipapasa. "Paa la mabati italiona kofia."

Hakudanganya. Hata leo nikiulizwa nitasema boriti ile ilikuwa nzima. Lakini nilipofika ncha zake zilikuwa zimeshafunikwa kwa lipu, na sikuona zimekalia nini.

Siku dada alipopita pale kwa mara ya kwanza hatukumsukuma. Alikataa. Alijivuta mwenyewe kutoka kitandani hadi katikati ya uwazi, akageuza kiti duara zima, akamkanyaga mumewe kidole cha mguu.

"Samahani, Dereva," alisema. "Sikuona alama ya barabarani."

Kisha akafungua kabati la vyombo, na tulisemwa pale mpaka tukatafuta kazi za nje. Alikata vitunguu, akapika mwenyewe, akalia kwa vitunguu na kwa mengine. Nilimkuta shemeji nyuma ya nyumba anajifuta uso kwa kitambaa cha rangi. Alirudi mezani na shavu moja jeupe, na hakuna aliyemwambia.

Basi mlango ule ukakwama tena. Shemeji akautoa kwenye bawaba, akaulaza juu ya meza, akauranda kichwani hadi ukaingia. Wiki iliyofuata ukakwama palepale. Akauranda tena. Dada alifagia maranda akiwa kwenye kiti, kwa ufagio mfupi, akawashia jiko. Alisema hajapata kuona mlango unaopika. Kisha dirisha la jikoni nalo likakataa kufunga. Mlango ukawa na kichwa cha mshazari, kama kofia iliyovaliwa upande, na shemeji akawa anatembea na randa mfukoni kama watu wengine wanavyotembea na simu.

Kwenye kikosi chetu, msimamizi alikuwa haangalii kuta kabla hatujaingia kwenye jengo. Alizunguka akifungua na kufunga milango. Mlango ukikwama juu, alituambia kilicho juu yake kimeanza kushuka, tuvae kofia na tuongee polepole. Nilimweleza shemeji hilo tukiwa tunachanganya mchanga na saruji. Akacheka bila kuinua koleo.

"Shemeji, wewe nyumba unazijua zikishafika siku ya kufa," alisema. "Hujawahi kukaa na moja ikiwa hai. Nyumba mpya inajinyoosha. Hata mtu akiamka anajinyoosha."

Nikaendelea kuchanganya. Kwamba sijawahi kuwa na nyumba ni kweli, na yeye alikuwa ananilisha.

Siku moja dada aliniomba nimtundikie kalenda. Aliitaka juu kabisa, karibu na ncha ya boriti, upande wa jikoni. Ilikuwa ya mwaka uliopita. Nikamwambia mwaka huo umekwisha, tena pale juu hata mwenye macho mazima hasomi tarehe. Akasema hasomi tarehe, anapenda farasi. Kwenye picha palikuwa na farasi mweupe anakimbia majini. Nikapanda kigoda, nikapigilia msumari, na lipu ikatoa mlio wa kitu kilicho kitupu ndani. Nikamtazama. Alikuwa anamenya viazi.

Halafu likaja tangi. Shemeji alikuwa ameshaweka sinki fupi, la kimo cha kiti, na bomba la kutolea maji machafu uani. Kilichobaki ni maji ya koki, ili mkewe aache kungoja ndoo. Tangi lilitakiwa kukaa juu, na kwa akili yake mahali penye nguvu kuliko pote palikuwa juu ya boriti ya lori. Akatoboa mabati, akasimamisha jukwaa la mbao, miguu ya jukwaa ikaikanyaga boriti yenyewe. Majirani walitusaidia kulipandisha likiwa tupu. Mmoja akauliza kama Injinia ana leseni ya kupakia juu ya nyumba, wote wakacheka, shemeji kuwazidi.

Asubuhi iliyofuata, yeye akiwa juu anafunga bomba la mwisho, niliingia jikoni nikaona dada anafagia. Hayakuwa maranda. Lilikuwa vumbi jekundu, laini kama unga, limejikusanya chini ya kalenda. Nikapanda kigoda, nikamwinua yule farasi.

Ufa ulikuwa unaingia kidole. Lipu ilikuwa imevimba, na nilipoigusa kipande kikaanguka, nikaona boriti ilivyokaa. Ncha yake ilishika upana wa kiganja tu, juu ya matofali mabichi ambayo ungeyachimba kwa kijiko, na yalikuwa yamekwisha kusagika mbele. Lori lilikuwa na chuma chini ya mbao ile. Hapa hapakuwa na kitu.

"Mrudishe farasi," dada alisema nyuma yangu.

Nikamuuliza ameujua ufa huo tangu lini.

"Ukimwambia atajenga ukuta. Unamjua, hangoji kesho. Na mimi nitarudi kule."

Nikamwambia nyumba itamwangukia.

"Ilikwisha kuniangukia, kaka, mwaka mzima. Hamkusikia kishindo tu." Aliweka ufagio magotini. "Niache nifungue koki mara moja. Nioshe sufuria moja kwa mkono wangu. Kisha mwambie."

Nilishuka kwenye kigoda, nikatoka nje kumwambia. Nikakuta pampu imeshawashwa, na maji yanapanda.

Nilimwita shemeji azime. Akaniuliza toka juu kama sasa maji nayo yanakwama juu, upande wa kitasa. Nikamwambia kuna ufa nyuma ya farasi. Hakunielewa, lakini sauti yangu aliielewa, akaanza kushuka ngazi. Ndipo tuliposikia ndani mlio mdogo, kama mtu anayevunja vidole vyake kimoja kimoja, na kioo cha dirisha la jikoni kikapasuka kutoka pembe hadi pembe. Nikang'oa waya wa pampu. Shemeji akaukimbilia mlango wa jikoni. Ulikuwa umejifunga na haufunguki.

Mimi nilizunguka mbele, nikapita chini ya boriti nikiwa nimeinama, sijui kwa nini, kuinama hakusaidii. Dada alikuwa kwenye sinki. Koki ilikuwa wazi, maji yanamwagika mikononi mwake, sufuria imejaa povu. Kalenda ilikuwa imelala kifudifudi sakafuni. Nje shemeji alikuwa anaupiga mlango bega, na kila akipiga, vumbi jekundu lilimshukia mkewe kichwani.

"Shemeji, acha kupiga," nilisema.

Kishindo kikakoma, yakabaki maji tu.

"Dereva," dada akasema bila kugeuka, "zunguka mbele. Taratibu."

Alikuja. Aliitazama ile ncha kwa muda, shingo imepinda, jinsi anavyotazama dereva aliyelala chini ya gari lake. Matofali yaliendelea kumwaga unga.

"Ulijua?" alimuuliza mkewe.

"Nilijua."

"Tangu lini?"

"Tangu maranda ya kwanza."

Nilidhani atapiga kelele. Alishika mishikio ya kiti. Dada akasema koki iachwe wazi, tangi lipungue. Njia ilikuwa moja, chini ya boriti, na shemeji alimpitisha pale polepole kuliko nilivyowahi kumwona akitembea, huku dada amepakata sufuria yake, imeoshwa nusu.

Tulikaa uani. Maji ya sinki yalitoka kwenye bomba ukutani yakapita kati ya magurudumu ya kiti, na sote tuliyatazama kama watu wanaosikiliza redio. Hapo ukutani yalikuwa yameegemezwa magogo yaliyobaki kwenye kazi ya jukwaa. Shemeji aliyaangalia, akaangalia nyumba, akayaangalia tena.

"Sijengi ukuta," alisema mwishowe. "Nguzo. Moja huku, moja huku, chini ya ncha. Utapita katikati."

"Pima kiti kwanza," dada akasema.

Akatoa futi mfukoni, mahali ilipokuwa inakaa randa, akapiga magoti kwenye maji, akapima kutoka gurudumu hadi gurudumu. Akarudia kupima mara ya pili. Hakuna aliyeuliza nani ataingia kuzisimamisha hizo nguzo, wala kama tangi litangoja.

Kisha tukasikia kitasa. Ule mlango wa jikoni, uliolishinda bega la mwenye nyumba, ulifunguka wenyewe, kidogo kidogo, mpaka ukagusa ukuta. Msimamizi wetu hakuwahi kutuambia mlango unaofunguka wenyewe maana yake nini. Ndani maji yalikuwa bado yanatiririka.

Shemeji akasimama. Akainua gogo la kwanza, ncha moja begani, akangoja. Dada alimwita kwa jina lake hasa, ambalo sikuwa nimelisikia tangu nifike.

Nikaenda nikashika ncha ya pili.