Bibi Aliyeficha Ufunguo

Mke wa mwanangu anatunga hadithi za kwenye simu, zile ambazo msomaji mwenyewe anachagua la kufuata. Mimi namwita Bi Simu. Huwa anacheka, sijui kwa moyo au kwa adabu.

Wiki hiyo walikuwa wanahama. Mwanangu alishapata nyumba upande wa pili wa mji, masanduku yamepangwa hadi karibu na cherehani yangu, nami nakata mashati ya sare kama vile mambo yao hayanihusu. Yalinihusu sana. Nilikuwa nabaki peke yangu.

"Mama, hebu nijaribie hii," akasema Bi Simu, akaniwekea simu juu ya meza. "Kazini wanasema bibi wa humu haeleweki."

Nikavaa miwani. Kumbe hadithi yenyewe ni ya mama mkwe! Mkaza mwana wake anataka kuondoka, na kila akifika mlangoni, bibi ameficha ufunguo. Chini kuna vitufe vitatu, uchague ni kwa nini: ana roho mbaya, anamwonea wivu, au kuna jambo analificha. Na huyo bibi domo halimkauki. Mara chumvi imezidi, mara pasi imeunguza kola.

"Huyu si mimi huyu? Ile kola nilisema juzi!"

"Aa, mama! Huyo wa kubuni."

"Wa kubuni! Haya."

Nikabonyeza roho mbaya. Binti akavunja kufuli, akaenda zake. Nikarudi nyuma, nikabonyeza wivu. Akapita dirishani. Nikabonyeza la tatu, bibi akakutwa ameukalia ufunguo, kanuna, hasemi neno. Binti akauchukua, akaondoka vilevile. Hapo nikapandwa na hasira.

"Sasa wewe! Kote anaondoka tu? Hukuweka njia ya kubaki?"

"Sikuiona, mama." Alikuwa anakunja shuka, hanitazami. "Mtu anakufungia mlango huku anakugombeza, utajuaje anataka nini?"

"Si anaogopa kuachwa! Hilo nalo la kuuliza?"

"Mbona hasemi?"

"Ataanzaje?" nikafoka. "Mtu mzima mzima aseme anaogopa upweke? Aseme amemzoea huyu mtoto, na kicheko chake, na hata makelele ya simu yake ambayo kila siku anayalalamikia? Ataona haya!"

Nikayasikia maneno yangu mwenyewe. Mkasi ulikuwa umesimama katikati ya kitambaa.

Bi Simu akaketi juu ya sanduku, shuka mikononi. "Mimi siku zote nilidhani unangoja kwa hamu nikuondokee hapa."

"Nani? Mimi?" Jamani, moyo uliniuma. "Sitaki uende, mwanangu. Basi, nimesema."

Akaanza kulia, polepole, kama mtu aliyechoka.

"Nyumba tumeshachukua, mama, tutaenda tu. Lakini nilikuwa nimejiapiza, nikitoka humu sirudi."

Nikamfuta machozi kwa kipande cha sare ya watu. Nikamwambia Jumapili nitamngoja, na huyo mume wake akiona uvivu kumleta, aje peke yake.