Mac Bandia ya Oscar

Oscar Kirimi ndiye mtu wa kwanza kuniita "mtu wa Windows" kwa sauti ya mtu anayetaja ugonjwa wa ngozi. Alisimama kwenye mlango wa duka langu hapa Nkubu, miwani ya jua juu ya kichwa siku ya mvua, akaweka laptop kwenye meza.

"Madam, wewe unajua Mac ama ni hizi za Windows tu?"

Niliitazama laptop yenyewe. Kwenye kifuniko alikuwa amebandika stika ya tofaa lililomegwa, na stika hiyo ilikuwa ndogo. Pembeni mwake herufi za kampuni iliyotengeneza mashine zilikuwa zinachungulia. Mtu anaamua kudanganya, halafu anashindwa hata kununua stika ya kutosha.

"Hii si Mac," nikamwambia.

"Ndani ni Mac."

"Ndani wapi?"

Akacheka kwa pua. Jina langu ni Virginia. Mimi ni wa Ishiara, kule chini Mbeere, na miaka kumi na mmoja nimekuwa nikitengeneza kompyuta za watu wa huku juu. Nimewadharau wateja wengi kimoyomoyo. Kuna mwalimu aliyeniletea printa yenye sima ndani. Kuna karani aliyebandika nywila yake kwenye skrini kwa gundi ya mbao. Lakini hao walijua kwamba hawajui. Oscar alikuwa wa aina nyingine.

Alinieleza mambo yake kama mtu anayehojiwa na redio. Alikuwa akihariri filamu katika kampuni ya matangazo Nairobi, akitumia Mac ya kampuni. Kampuni ikapunguza watu, yeye akapunguzwa, Mac ikabaki. Akarudi kwao Githongo na diski ya nje mfukoni. Chama cha ushirika cha kahawa kilikuwa kimempa kazi ya kutengeneza filamu ya kuonyeshwa kwenye mkutano mkuu wa mwaka, na alikuwa ameanza kuihariri kwenye Mac ile ya kampuni kwa Final Cut, programu ambayo haifunguki popote isipokuwa kwenye Mac. Kwa hivyo alinunua laptop ya mtumba, akatazama video kwenye mtandao, akailazimisha mashine ya watu wengine ikubali mfumo wa Apple.

"Na ikakubali," akasema.

Niliiwasha. Kukubali kwenyewe kulikuwa hivi: hakuna Wi-Fi, hakuna sauti, ukisogeza dirisha linaacha vipande vyake njiani, na feni inavuma kama posho mill inayosaga mahindi.

"Mkutano ni lini?"

"Saturday. Leo ni Monday, so uko na time."

Eti mimi niko na time. Nilitaka kumrudishia mzigo wake. Nilimwambia afute yote, aweke Windows, ahariri upya kwa programu nyingine. Akanitazama kama mtu aliyeambiwa apande mbuzi kwenda harusini.

"Siz, creatives hawatumii Windows. Lakini kama imekushinda, sema tu."

Hapo ndipo aliponipata. Najua ilikuwa ni hila ya kitoto na bado ikanipata.

Nilifungua folda ya kuwashia mashine, ile inayoiambia macOS, mfumo huo wa Apple, kwamba imekaa ndani ya Mac halisi. Alikuwa ameinakili nzima kutoka kwa mtu fulani kwenye mtandao, mwenye mashine tofauti kabisa. Ni kama kuvaa miwani ya jirani halafu ushangae kwamba unagonga ukuta. Nikamwuliza kama alisoma maelezo yaliyoandamana nayo.

"Yalikuwa marefu," akasema.

Nilifuta folda nikaanza upya. Mashine ilikuwa na chip mbili za picha, na ile kubwa Apple haina habari nayo. Oscar alikuwa amepoteza wiki nzima akitafuta driver yake, programu ya kuiendesha, ambayo haijawahi kuwepo. Niliizima ile kubwa, picha zikapitia ile ndogo, skrini ikatulia. Jumanne nilifungua mgongo wa laptop, nikatoa kadi ya Wi-Fi ambayo macOS haikuitambua, nikaweka nyingine niliyoitoa kwenye mashine mbovu iliyokuwa chini ya kaunta. Sauti ndiyo iliyonitesa. Kwa sauti unajaribu namba: unaandika namba moja, unazima, unawasha, unasikiliza. Ilikuja kwa namba ya tisa. Oscar alikuwa amekaa kwenye kiti cha wateja akila njugu, na spika zilipolia akasema, "Unaona? Mac ni Mac."

Jumatano saa sita nilitaka kujua kama mashine itavumilia joto. Nilifungua filamu yake, nikaiagiza itoe video kamili kwenye flash yangu, dakika ishirini na mbili za filamu, kisha nikakaa nikisoma namba za joto. Picha zenyewe sikuzitazama. Sikuwa na hamu ya kuona kitu kilichotengenezwa na mtu yule. Kazi ikaisha, mashine haikuzima, nikampigia aje aichukue.

"Sikiliza," nikamwambia. "Mambo mawili. Ukimaliza kuhariri, toa video uiweke kwenye flash, usiende kuionyesha kutoka ndani ya Final Cut. La pili, itakuletea ujumbe wa update. Usiubonyeze. Mac halisi inaweza kubonyeza. Hii yako, mfumo mpya ukiingia, ile folda niliyotengeneza huenda isiuelewe na mashine isiwake."

"Sawa, mwalimu," akasema, akiwa tayari anapiga picha tofaa lake kwa simu.

Jumamosi nilikuwa Githongo kabla yake. Mwenyekiti wa chama, Mama Gladys, ni mteja wangu wa zamani, na alikuwa ameniomba nije kufunga projekta. Ukumbi ulijaa. Wakulima walikuwa wamevaa makoti ya kanisani, wengine wamebeba ripoti za mwaka wamezikunja kama fimbo. Oscar aliingia mwisho, akaweka laptop kwenye meza ya mbele, tofaa likitazama watu, na kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika akatengeneza mikono ya shati.

Akaiwasha. Tofaa jeupe likatokea ukutani, kubwa kama mlango, na chini yake kamstari kakaanza kujaa. Kakafika nusu. Kakakaa hapo.

Tukangoja. Mzee mmoja wa mstari wa mbele akauliza kwa Kimeru kama hiyo ndiyo filamu.

Nikamwendea. "Ulibonyeza update."

"Ilikuja asubuhi," akanong'ona. "Watu wa Mac huwa tuna-update."

"Na flash?"

Hakuwa na flash. Alikuwa amepanga kuwaonyesha wakulima mistari yake ya rangi ndani ya Final Cut, wajue kazi ni ngumu. Akazima, akawasha. Kamstari kakaja kakasimama palepale. Jasho lilikuwa linamtiririka kwenye masikio, na sitadanganya, nilifurahi. Nilisimama pale dakika nzima nikimwangalia anavyopungua.

Kisha Mama Gladys akasema, "Virginia, hakuna njia?" Nikakumbuka ile kopi ya Jumatano. Nilikuwa na flash kwenye mkoba, ile ile ninayotembea nayo kila siku. Nikaomba laptop ya katibu, ya Windows, yenye kibodi isiyo na herufi M. Nikachomeka, nikabonyeza, nikarudi ukutani.

Nilitarajia upuuzi. Mlima, muziki wa gitaa, mtu anacheka akichuma kahawa.

Haikuwa hivyo. Ilianza na mikono tu, mikono mingi ikichagua buni za kahawa, nyekundu huku, za kijani kule, na hakuna muziki, ni sauti ya buni zikianguka kwenye karai. Kamera haikuwa na haraka. Wakulima waliona kiwanda chao, maji yanavyopita kwenye mifereji, mzee anayesoma mizani kwa kugeuza kichwa kwa sababu jicho moja halioni. Watu wakaguna kwa furaha walipomtambua. Nikajikuta nimesogea mbele.

Halafu akatokea mwanamke mwembamba, ameketi kwenye gunia, na alipofungua mdomo alisema Kimbeere. Maneno ya Kiswahili yalipita chini, lakini mimi sikuyahitaji. Alisema anaitwa Wambeti, anatoka Ishiara.

"Tunapanda huku juu mwezi wa kumi kuchuma kahawa," akasema. "Tunalala stoo ya mbolea. Ukikohoa, unakohoa mbolea. Mwenye shamba ana mbwa. Mbwa ana nyumba yake, ina bati."

Hakulia wala hakulalamika. Alisema kama mtu anayetaja vitu vya kununua sokoni. Na kamera ikabaki usoni mwake baada ya kumaliza, mpaka yeye mwenyewe akaangalia kando.

Mama yangu alipanda huku kuchuma misimu sita nilipokuwa shule ya msingi. Alituletea mkate na mafuta ya kupaka. Hakuwahi kutuambia alikuwa akilala wapi.

"Zima hiyo kitu!" Alikuwa mjumbe mmoja wa kamati, anaitwa Nyamu, amesimama na ripoti yake mkononi.

Nilimtazama Oscar. Nilikuwa tayari kumsamehe yote: miwani, stika, njugu. Mtu aliyekaa na Wambeti mpaka akamwambia neno lile la mbwa, mtu huyo ana kitu. Oscar akainuka, akainua mikono yote miwili.

"Wanachama, samahani sana. Hiyo si final. Hiyo sehemu nilishaitoa Alhamisi. Hiyo ni kopi ya fundi, mimi sihusiki nayo."

Alikuwa ametengeneza jambo zuri kuliko yeye mwenyewe, akaliogopa, akalikata, na sasa analikana mbele ya watu mia mbili.

"Uliitoa kwa nini?" Mama Gladys akamwuliza.

"Ili isiwakasirishe, Mama Mwenyekiti."

"Nani alikuambia tutakasirika?"

Nyamu akaanza tena kupiga kelele kwamba chama kimetukanwa.

"Kaa chini, Nyamu," Mama Gladys akasema. "Mbwa wako mimi namjua."

Ukumbi ukalipuka kwa kicheko, na wanawake wa nyuma ndio waliocheka zaidi. Filamu ikaendelea mpaka mwisho. Sitasema dunia ilibadilika. Walibishana saa moja, wakakubaliana kwamba Mama Gladys na wajumbe wawili watembelee stoo kabla ya msimu. Baadaye nilisikia stoo tatu zimeondolewa mbolea na kuwekwa vitanda. Ya Nyamu haikuwa miongoni mwazo.

Jumatatu Oscar alirudi dukani na laptop yake chini ya kwapa. Stika ilikuwa imeanza kubanduka. Alitaka niirudishe ilivyokuwa kabla ya update, na alitaka kitu kingine.

"Ile kopi yako. Kuna mashindano ya filamu Nairobi. Wanapenda vitu kama vile. Mimi nilifuta ile sehemu hata kwenye diski, nafasi ilikuwa imejaa."

"Ile ni kopi ya fundi," nikamwambia. "Wewe huhusiki nayo."

"Virginia, please. Nilikuwa under pressure."

"Nenda Ishiara umwombe Wambeti ruhusa. Yeye akikubali, nitakupa."

"Ishiara? Na hilo joto?"

"Wao hupanda huku na baridi hii."

Nilijua hataenda. Ningeweka dau. Alhamisi simu ikaita, namba nisiyoijua, na sauti ya mwanamke ikaniuliza kwa Kimbeere, "Wewe ndiye wa kompyuta? Kuna kijana hapa ana miwani kichwani. Anasema ananitaka kwenye shindano."

"Umemwambiaje?"

"Nimemwambia kwanza sisi wenyewe tuione. Wote, si mimi tu. Siku ya soko."

Kwa hivyo nilishuka Ishiara siku ya soko na laptop yangu na turubai jeusi la kuzuia mwanga. Tulibanana nyuma ya duka la nafaka, wanawake kumi na wanane, wengine na watoto mgongoni. Walicheka walipoona mikono yao, wakagombania ni ya nani. Kwenye maneno ya Wambeti, yeye mwenyewe akasema, "Mbona umenionyesha mzee hivi?" wakacheka tena, wakataka irudiwe. Tuliirudia mara tatu. Wambeti akasema inaweza kwenda Nairobi, lakini jina lake liandikwe, na la kijiji chake pia.

Oscar aliandika hayo kwenye kiganja kwa kalamu. Mahali palikuwa pamejaa, kwa hivyo alikuwa amesimama nje ya turubai, jua likimchoma shingo, na hakuna hata mmoja aliyemwuliza anatumia kompyuta gani.