Kiganja Juu ya Bati Tupu

Mwenye duka la rangi alimwapia Raghib, kwa Mungu na kwa watoto wake wanne, kwamba praima, ile rangi ya chini, ingefika siku ya Arafa kabla ya adhuhuri. Raghib akamwamini, mjinga wa watu, akalichuna lile gari la Pejo rangi yote mpaka likabaki bati tupu. Adhuhuri akapiga simu, jamaa yuko mnadani kashika kondoo pembe.

"Nimeshafunga duka, ndugu yangu. Mpaka Idi iishe. Kila mwaka uwe salama!"

"Siku nne? Unaniacha na bati tupu siku nne?"

"Idi ni siku nne. Mimi ndiye niliyeipanga?"

Siku nne, tena mtaa wa Meks, ambako bahari iko mwisho wa uchochoro na hata kijiko ukikisahau dirishani kinaota kutu! Lingekuwa gari la mtu mwingine, Raghib angetukana kidogo akaenda zake kula nyama. Lakini hili lilikuwa gari la marehemu Fundi Shukri, aliyemfundisha kupiga rangi magari katika karakana hiihii anamofanyia kazi sasa. Bati lake lilishapigwa msasa miaka na miaka, limebaki jembamba, halina uwezo wa kusuguliwa tena. Likishika kutu litatoboka. Na Alhamisi baada ya Idi, Nagwani binti Shukri anaolewa, na mama yake alishaapa mbele ya mtaa mzima kwamba mwanawe ataondoka nyumbani kwa gari la baba yake, au haondoki.

Basi Raghib akafanya alichofundishwa. Akalifuta gari lote kwa asidi ya kuondoa kutu, boneti mpaka buti, likavaa kingozi chembamba cha kijivu. Hakulifunika nailoni, maana chini ya nailoni chuma hutoka jasho. Akaziba nyufa za mlango kwa matambara, akawasha balbu mbili kubwa ili mle ndani mkae na joto bila unyevu. Vioo vilikuwa vimeshatolewa, vimeegemezwa ukutani. Na kila aliyekanyaga kizingiti alifokewa: "Glavu! Mkono mtupu usiniguse bati!" Hata muuza chai alifokewa, masikini, na yeye alikuja kuchukua glasi zake tu.

Alasiri akashuka Hajati Insaf, mjane wa Shukri, anayekaa juu ya karakana. Akalizunguka gari, akatikisa kichwa.

"Kesho nikichinja nakuja kuligonga kiganja."

"Kiganja cha nini?"

"Cha damu, au ulidhani cha hina? Gari limekaa uchi, Raghib! Wenye vijicho wamejaa mtaa huu, na mwanangu anaolewa."

Raghib akaja kusimama kati yake na boneti. Si kwamba alipinga jambo lenyewe. Gari lake mwenyewe siku alipolinunua liligongwa vidole vitano vya damu ya kondoo, na mama yake alipiga vigelegele. Lakini lile lilikuwa na rangi.

"Hajati, tafadhali. Damu ina chumvi! Kesho kutwa utakuta vidole vitano vya kutu, na siwezi kuvisugua, bati litatoboka." Alikuwa ameshavua glavu, kwa sababu Raghib bila mikono hajui kubishana, na mikono yenyewe ilikuwa inarukaruka huku na huku.

"Shukri asingenikataza."

"Shukri angekufukuza humu ndani!"

Neno lilipomtoka alitamani alirudishe. Hajati aligeuka, akapanda ngazi polepole ameshika ukuta. Raghib akafunga kufuli na ufunguo akautia mfukoni, roho inamuuma.

Siku ya Idi alikuwa kwa dada yake, mtaa wa Sidi Bishri, upande wa pili kabisa wa Iskandaria, sahani ya wali na mkate na nyama mbele yake, inanukia siki na vitunguu saumu. Hata hajamaliza tonge la tatu, simu ikalia. Ni Nagwani.

"Ami Raghib, niapie hutakasirika."

"Nini?"

"Mama ameingia karakanani na mkono wa damu. Kumbe ana ufunguo wa baba."

Dada yake anasema hajawahi kumwona mtu anaacha nyama vile. Alitoka mbio na kanzu yake mpya, akapanda gari la kwanza lililosimama, na njia nzima alikuwa akijisemea peke yake mpaka abiria mwenzake akasogea mbali naye. Kazi ya siku zote zile, imekwisha. Gari la mwalimu wake, limekwisha, na atamwambia nini bibi harusi?

Mlango wa karakana ulikuwa wazi. Matone ya damu sakafuni yalielekea ndani. Hajati amekaa kwenye kigoda, mikono ameshanawa, anakunywa chai. Na pale kwenye boneti, upande wa kushoto, kiganja cha rangi ya kahawia kimekaa wazi kabisa.

"Hajati!" Raghib alipaza sauti. "Nilikuomba! Nilikuomba kama mama yangu!"

"Unanipigia kelele siku ya Idi? Mkono wangu ule pale." Akanyoosha kidole ukutani. Kwenye kioo cha mbele kilichoegemezwa, vidole vitano vyekundu. "Bati ulinikataza. Kioo hukunikataza."

Raghib akatazama kioo. Akatazama boneti.

"Sasa hiki cha nani?"

"Mimi nimekikuta. Hebu weka mkono wako juu yake. Usiguse, wee! Juu juu."

Akaweka. Dole gumba, kidole cha shahada, kisha kidole cha kati kifupi, kile ambacho mkasi wa bati ulimkata ncha zamani. Kilikaa sawasawa. Ni mkono wake mwenyewe, jasho lake la jana la kubishana, limeshageuka kutu.

"Ya Rabi," akasema, akakaa chini na kanzu yake nyeupe.

Alipoinuka alivaa glavu, akalowesha kitambaa kwa asidi, akakipitisha polepole, roho mkononi. Kutu ilikuwa ya juu tu. Kiganja kilififia, kikaondoka, na chini yake bati lilikuwa laini, zima. Alilizunguka gari lote anachungulia kila pembe. Hapakuwa na doa jingine.

"Shukri naye alikuwa hivyohivyo," Hajati akasema. "Anawafokea watu glavu, glavu, halafu asubuhi namsikia huku chini anajitukana kwa vidole vyake mwenyewe."

"Lakini alikuwa anatuambia vile vidole ni vyetu!"

"Mlikuwa wanafunzi. Mngebisha?"

Raghib alicheka mpaka akashika ukuta. Miaka yote ile alidhani yeye ndiye mchafuzi wa kazi za mwalimu wake. "Nisamehe neno la jana, Hajati."

"Nimeshasamehe. Panda juu ule, nyama inapoa."

Alhamisi ile Pejo ilisimama mlangoni, nyekundu, inang'aa, na kwenye pembe ya kioo alama ya kidole kimoja cha damu ambayo Hajati alikataa ioshwe. Raghib akamfungulia bibi harusi mlango. Raghib mwenyewe alikuwa amevaa glavu nyeupe, watu wakadhani ni madaha ya harusi. Hajati peke yake ndiye aliyejua, na alicheka huku analia.