Nyuma ya Feni ya Pili

Jumatatu, saa tisa alasiri, umeme ulirudi mtaa wa Muhumba na Elodie akakaza skrubu ya mwisho. Alikuwa amepiga magoti sebuleni, kompyuta yake imelazwa ubavu juu ya mkeka. Ndani yake alikuwa ametia karte grafiki mpya, kile kipande kinachochora picha za michezo kwenye kioo. Ilikuwa na feni tatu na uzito wa nusu tofali.

Tonton Guylain, mdogo wa mama yake, ndiye aliyeinunua huko Liège. Aliikabidhi kwa jirani yake Virginie, ambaye alikuwa anakuja Bukavu kumzika shangazi yake. Virginie angerudi Ulaya Jumamosi kwa njia ya Ruzizi na Kigali, kwa kuwa tangu vita ndege zilikuwa hazitui tena uwanja wa Kavumu. Duka lilikuwa limetoa siku thelathini za kurudisha. Kama karte haifai, Virginie angeondoka nayo, na tonton angeibadilisha kwa imprimante, mashine ya kuchapa.

Imprimante ilikuwa wazo la Maman Apolline, mama yake Elodie. Binti yake alikuwa na kibanda cha kuchapa barua na kazi za wanafunzi, na mashine yake ya zamani ilikuwa inakula karatasi. Tangu benki zifungwe, wateja walikuwa wachache, na hao wachache hawakupenda barua zilizopasuka.

"Hii kitu yako inafanya nini?" aliuliza Maman Apolline kutoka kwenye cherehani.

"Inachora, maman."

"Inachora nini?"

"Maji. Majani. Mawingu."

"Na imprimante inachora nini?"

"Barua."

"Barua, batu banalipa," alisema Maman Apolline, akaendelea kushona.

Elodie hakubisha. Alikuwa na miaka ishirini na saba, na tangu masomo yaishe hakuwa amepata kitu kingine alichokipenda kuliko michezo ya kompyuta. Aliwasha ule wa mpanda farasi anayezunguka nchi pana isiyo na watu. Kwa karte ya zamani, mto katika mchezo ule ulikuwa bati la bluu. Sasa ulikuwa mto. Mawe yalionekana chini ya maji. Elodie alimsimamisha farasi ukingoni akatazama kwa muda mrefu.

Saa kumi, feni zilianza kutoa vumbi jekundu. Elodie alilipangusa kwa kitambaa. Jumanne hapakuwa na umeme. Jumatano vumbi lilijaa kiganja na lilikuwa na unyevu, na nyuma yake kukasikika mtu akikohoa.

Maman Apolline aliondoa mguu kwenye pedali.

"Ni papa yako," alisema.

"Najua," alijibu Elodie.

Baba yake, Léopold, alitoka saa kumi na nusu, kupitia ubavu wa kompyuta ambao Elodie alikuwa ameuacha wazi kwa sababu ya joto. Ilitangulia taa ya kichwani, ukafuata mkono, kisha mabega. Aliposimama alikuwa na kimo chake cha siku zote. Nguo zake zilikuwa zimelowa hadi kifuani. Picha kwenye kioo ikasimama.

"Mama Elodie," alisema.

"Papa Elodie. Ngoja kwanza, usikae." Maman Apolline alitandika mfuko wa nailoni juu ya kiti ili udongo usichafue kitambaa. "Sasa kaa."

Léopold alikuwa amefundisha darasa la tano kwa miaka kumi na tisa. Mshahara ulipokoma kufika, alisubiri mwaka mzima, kisha akaenda Shabunda kuchimba koltani, madini yanayotiwa ndani ya simu na kompyuta. Siku moja ya mvua, mlima uliwaangukia watu kumi na mmoja, naye akiwemo. Wiki iliyofuata, mwenye machimbo aliamuru mlango wa shimo lile ufukiwe na mwingine ufunguliwe hatua thelathini kando yake. Hiyo ilikuwa miaka minne iliyopita. Hakuna aliyetolewa.

Maman Apolline alimpa maji. Alikunywa vikombe vitatu, ndipo akaeleza.

"Bananitoa mule, lakini pamoja na mawe," alisema. "Banatutwanga, banatuosha, banatutia mu mifuko. Sasa kuko kambegu kadogo nyuma ya feni ya pili. Mule njo niko."

"Peke yako?" aliuliza mkewe.

"Tuko bengi, lakini ba milima ingine. Benzangu balienda kila mutu kwake. Mwenzangu Zagabe iko mu simu ya mutu moja kule mbali. Banamupigaka sana, hapumuziki."

"Na wewe unafanya nini mule, papa?" aliuliza Elodie.

"Nabeba. Kapita, musimamizi wa kazi, analeta mufuko, anasema panda nayo, napanda nayo. Ngazi iko ndefu. Sijue kuko nini ndani."

Elodie alitazama kioo. Mto ulikuwa umesimama, mawimbi yake yameinuka nusu.

"Mufuko iko nzito?"

"Ya leo ilikuwa inamwaga maji," alisema Léopold.

Saa kumi na mbili kasorobo, filimbi ya kapita ililia ndani ya kompyuta. Léopold alirudisha kikombe, akasema asante, akainama akaingia. Maman Apolline alikunja mfuko wa nailoni akauweka chini ya kiti kwa ajili ya kesho.

Alhamisi Elodie alijaribu mambo mawili. Kwanza aliwasha mchezo mdogo wa karata, ambao hauhitaji kuchora mengi. Feni zilizunguka polepole, vumbi halikutoka, na baba yake hakuja. Kisha aliwasha ule wa mpanda farasi, akamkimbiza katika msitu mnene hadi karte ikawa ya moto. Ndipo Léopold akatoka, anahema. Alisema kapita hufungua mlango pale tu joto linapozidi, ili watu wasizimie. Kukiwa na kazi kidogo, mlango haufunguliwi.

"Kwa hiyo, kama natumia nguvu unateseka, na kama situmii hatukuoni," alisema Elodie.

"Njo vile."

"Na kama tunazima?"

"Kama munazima, tunakaa mu giza. Tunangoja."

"Munapumuzika?"

"Hapana. Tunangoja."

"Na kama tunaivunja?"

Léopold alifikiri kama alivyokuwa akifikiri mbele ya ubao. "Simu ya kwanza ya Zagabe ilivunjikaka. Banaitupa mu taka, naye akabakia pale mu taka. Kisha mutu akaokota, akamutia mu ingine. Hapana, kuvunja haisaidie."

Maman Apolline hakuwa akisikiliza. Alikuwa ameshona shati tangu asubuhi, la kitambaa kizito cha kijani. Alimvua mumewe lile bichi, akampangusa mgongo kwa taulo, akamvalisha jipya na kumfunga vifungo mpaka shingoni. Léopold alirudi ndani mkavu.

Ijumaa asubuhi, walipomwita tena, alitoka kifua wazi.

"Shati iko wapi?" aliuliza Maman Apolline.

"Kapita anaivaa."

Maman Apolline alisema mtu huyu lazima azikwe. Wangeitia karte kwenye sanduku dogo na kuishusha ardhini, pawe na msalaba na jina lake, na misa isomwe. Pengine mtu aliyezikwa kwa jina lake kapita hawezi kumwita tena. Lakini parokia ilitaka cheti cha kifo, na mlinzi wa makaburi pia. Kwa hiyo Elodie alifunga kompyuta katika shuka, akaishika mapajani nyuma ya pikipiki, kioo kikaja na pikipiki ya pili iliyombeba mama yake. Walikwenda kwenye ofisi inayoandika vifo, ambayo ilikuwa na jenereta.

Karani aliitwa Donatien. Aliwaruhusu kuchomeka waya karibu na dirisha. Elodie alimkimbiza farasi msituni, na baada ya dakika kumi Léopold akatoka, akajikung'uta udongo mlangoni asichafue sakafu. Donatien alisimama haraka nyuma ya meza yake.

"Bonjour, mwalimu."

"Donatien. Ulikuwaka unakaa mustari ya pili."

"Njo mimi, mwalimu. Mukae."

"Sitakaa, nimelowa. Nimekuja kuandikisha kifo yangu."

Donatien alifungua daftari kubwa, akauliza tarehe na mahali. Léopold alijibu kwa sauti ya kusomesha, akitaja jina la mlima herufi kwa herufi. Karani aliandika yote kwa mwandiko mzuri. Halafu akatoa faili kwenye kabati, akapitisha kidole kwenye karatasi moja, akafika chini, akarudi juu.

"Hii ni orodha ya kooperative ya bachimbaji ya pale mulima," alisema. "Ile siku, inasema mu shimo hamukukuwa mutu."

"Tulikuwa kumi na moja."

"Naamini, mwalimu. Lakini mutu asiyekuwa mu shimo hawezi kufia mu shimo. Kama nakuandika, banasema nimeandika uongo."

"Na sisi?" Maman Apolline aliuliza. "Sisi si bashahidi?"

"Mulikuwa pale, maman?"

"Hapana."

"Ni nani alikuwa pale?"

"Zagabe," alisema Léopold. "Na bengine tisa."

"Banaweza kuja?"

"Bako na kazi," alisema Léopold.

Donatien alichukua rula, akakata mstari mmoja mwekundu juu ya yale aliyoyaandika, ulionyooka kabisa. Alikuwa na macho mekundu. Alisema samahani, mwalimu, akasema tena. Léopold alitazama ule mstari, akamwambia kwamba daftari lake ni safi, na kwamba alikuwa anajua tangu zamani kuwa atafika mbali. Kisha mtu akapiga kelele uani kuwa mafuta ya jenereta yanakwisha, taa zikazimika, na Léopold hakuwapo tena. Palibaki alama mbili za miguu. Donatien aliagiza zisipanguswe hadi jioni.

Jumamosi, saa nne asubuhi, Virginie alifika na sanduku lake. Teksi ilikuwa inamngoja barabarani. Alikuwa mwanamke mnene, mpole, mwenye haraka ya mtu anayeogopa foleni ya mpakani. Alikataa chai.

"Guylain anauliza kama inakufaa," alisema. "Unabakisha, ama narudisha?"

Elodie na mama yake walikuwa wamelizungumza hilo tangu walipoamka, walipokuwa wakichambua sambaza, wale dagaa wa ziwani, kwenye beseni moja. Ikirudishwa, duka lingeiuza kwa mwingine. Huyo mwingine angecheza anavyotaka, na Léopold angetoka amelowa katika chumba asichokijua, asipewe hata kiti. Ikibaki, angebeba kwa ajili yao. Maman Apolline ndiye aliyesema mwishowe kwamba kama ni lazima abebe, basi abebe pahali ambapo kuna mtu wa kumpa maji. Imprimante hakuitaja. Elodie aliitaja yeye, mara moja, na mama yake akasema, "Acha hiyo."

"Nabakisha," alisema Elodie.

"Haina shida?"

"Iko nzuri."

Virginie aliangalia udongo mwekundu uliokauka chini ya meza, na mfuko wa nailoni uliotandikwa kwenye kiti.

"Ya kwetu iko mu televizio," alisema. "Mumama moja. Anatwanga mawe. Mutoto iko ku mugongo." Alifunga zipu ya mkoba wake. "Hatujamuulizaka jina. Munafikiri tulipashwa kumuuliza?"

"Mumuulize," alisema Maman Apolline.

"Nikifika," alisema Virginie, akaenda.

Jumapili umeme ulikuja mapema, baada ya misa. Mpanda farasi alikuwa amemaliza msitu, na njia pekee iliyobaki ilielekea mlimani. Elodie alimpandisha taratibu kadiri alivyoweza. Karibu na kilele, hewa katika mchezo ikageuka kijivu na theluji ikaanza kuanguka, kwanza chembe mojamoja, kisha nyingi, hata farasi akawa anazama hadi magotini. Feni zote tatu zilipiga kelele. Meza ilitetemeka.

Léopold alipotoka hakuweza kufika kwenye kiti. Alijilaza juu ya mkeka, na Maman Apolline akamwinua kichwa ili anywe.

"Leo kulikuwa nini?" aliuliza alipopata pumzi. "Mifuko ilikuwa midogo-midogo, lakini haiishe. Elfu na elfu. Na baridi."

"Ilikuwa theluji, papa."

"Theluji." Alifumba macho. "Nilifundishaka theluji miaka kumi na tisa. Iko ku Ruwenzori. Nilikuwaka nachora ku tablo na chaki." Akafumbua macho. "Sijaionaka."

"Unataka kuangalia?"

Walimsaidia wote wawili kukaa mbele ya kioo. Picha ilikuwa imesimama. Mlima ulikuwa mweupe kutoka upande hadi upande, chembe zimetundikwa hewani, kila moja na umbo lake. Léopold alisogeza uso karibu mpaka taa yake ya kichwani ikang'aa kwenye kioo. Aliangalia kama mtu anayesahihisha daftari, kutoka juu kwenda chini, bila haraka. Kisha akanyoosha kidole.

Karibu na kilele palikuwa na mraba mdogo mweusi, mahali ambapo hapakuwa na theluji wala jiwe wala kitu chochote.

"Na pale?"

Elodie hakutaka kumwambia. "Pale haijafika bado, papa."

"Ni mufuko yangu," alisema Léopold. "Niliiacha ku ngazi."

Filimbi haikuwa imelia. Maman Apolline alimshika mkono, akamwambia angoje kidogo, sambaza ziko karibu kuiva. Léopold alisema itakuwa vibaya mlima ubakie vile. Alijishika kwenye ukingo wa meza, akainuka, akainama, akaingia.

Walisikia kikohozi chake kikipanda polepole, ngazi kwa ngazi. Ilichukua dakika kadhaa. Halafu ule mraba ukawa mweupe, na farasi akaanza tena kutembea.