Kitanda cha Nesi Carolyne

Mjukuu wangu Kendi ana miaka kumi na mitano, na kwa mwezi mzima alikuwa akishinda saa ya chakula cha mchana kwenye kitanda cha nesi wa shule. Hakuwa mgonjwa. Wasichana wa darasa lake waligundua kwamba anampenda msichana mwenzake, basi akikaa mezani wanahama, akiacha begi wanalimwagia maji. Akaacha kula. Nesi Carolyne, binti wa kwetu Kenya, ndiye aliyeona sketi inamvuka kiuno. Hakumhoji. Alimwonyesha kitanda, akammenyea ndizi, akafunga mlango.

Kisha akamwandikia mama yake Kendi barua ya siri, mistari sita: mtoto amepungua kilo saba, anaonewa kwa sababu ya anayempenda, tafadhali usimgombeze, mkumbatie kwanza.

Mama mwenyewe ni Charity, binti yangu wa kuzaa, anayefanya kazi hospitalini hapa Doha, Qatar. Unajua aliifanyia nini barua hiyo? Aliipiga picha akaiweka kwenye kikundi cha maombi. Watu thelathini na wawili. Huku mtaani kwetu Al Mansoura, Mkenya akiumwa jino haendi kwa daktari mpaka kikundi kiarifiwe. "Tumwombee Kendi," aliandika, na vile vimikono vya kuomba pembeni.

"Mama, nilitaka waombe tu," aliniambia.

"Kwa hiyo ukitaka kuoga unavulia nguo sokoni?"

Ijumaa baada ya ibada wakaja. Mbele Peninah, mwenyekiti wa kikundi, anayelea watoto wa tajiri mmoja kule The Pearl. Nyuma Reuben, bawabu wa jumba moja la Lusail. Nikadhani wamekuja kuomba. Kumbe wamekuja na barua ya kumpelekea mkuu wa shule: nesi anawafundisha watoto uchafu kwenye kitanda chake, aondolewe. Ingefikishwa Jumapili, wiki ya shule ikianza. Katika nchi hii, barua kama hiyo ikifika, Carolyne atapandishwa ndege kabla hajafua sare yake. Na Kendi wangu atajificha wapi?

"Shosho, imebaki saini ya familia," Peninah akasema, ananipa kalamu. "Au uweke kidole tu, kama kuandika ni shida."

Nilimaliza darasa la saba, tena nilikuwa wa nne. Lakini bibi kizee, shosho kama mimi, akidhaniwa hajui kusoma huwekewa barua mapajani bila wasiwasi, kwa hiyo sikumsahihisha. Nikaisoma yote. Mlango wa chumbani ulikuwa wazi kidogo, na chini yake niliona vidole vya miguu vya Kendi. Havikutikisika.

"Jambo haliingiliwi bila maombi," nikasema. "Inamisheni vichwa."

Wakainamisha. Mtu wa ushirika ukimwambia inama, huinama hata na mandazi mdomoni. Walisahau kwamba nami nimo kikundini, miezi minane sasa, kwa simu ya zamani ya Charity. Macho yangu ni mabovu, ila ombi la mtu halijawahi kunipita.

"Baba," nikaanza, "kabla ya Kendi, wakumbuke waliomtangulia kuombewa. Mkumbuke Reuben, aliyetusihi mwezi wa tatu tumwombee aache kuchachusha pombe ya zabibu kwenye ndoo ya bafuni. Ukipenda, tumwandikie mkubwa wake barua, apone haraka."

Reuben akakohoa.

"Mkumbuke Trevor wa Peninah, aliyefukuzwa chuo, na baba yake bado anashonesha suti ya mahafali. Naye tumwandikie. Tena mwezi wa tano Peninah alituomba—"

"Shosho." Peninah alikuwa amefumbua macho. "Hayo ni siri. Yaliachwa kikundini."

"Na ya Kendi yaliachwa wapi?"

Akanyoosha mkono apewe barua. Nikaikalia.

"Iko hapa," nikamwambia. "Mwenye nguvu aninyanyue."

Wakaenda zao. Reuben alijibebea mandazi mawili.

Akabaki Charity, na kwake sikuwa na mzaha. "Hao si kitu. Mtu baki alimfungia mtoto wako mlango asionekane. Wewe uliyemzaa ukawafungulia watu thelathini na wawili."

Akaketi sakafuni na simu yake. "Hata nikiifuta, Mama, wameshaisoma."

"Futa hivyo hivyo. Halafu andika kwamba umekosa."

Alikawia sana juu ya maneno machache. Kendi akatoka, akasimama nyuma yake akisoma. "Mtaje na nesi pia," akasema. "Sema hakufanya kosa."

Charity akaandika. Kisha akamshika mtoto kifundo cha mguu, palipokuwa karibu, akalia.

Jumapili tulienda shuleni watatu. Charity aliingia kwa mkuu kuzungumzia maji na begi; sababu ya kuonewa hakuwaambia, haiwahusu. Kendi akaenda darasani, taratibu. Mimi nikampelekea Carolyne ile barua niliyoikalia. Aliisoma amesimama, akaikunja, akaitia mfukoni mwa sare.

Nikamwomba nilale kidogo kwenye kitanda chake, nikione hicho kinachofundisha uchafu. Ni kigumu kama benchi la kituo cha polisi. Na mjukuu wangu alikiona afadhali kuliko nyumbani kwetu.